Wengi Hivi, Kila Mtu na Lake

Tuanze na hesabu, maana wanawake tumezoea kuhesabu. PCOS, ule ugonjwa wa homoni ambao kwa Kiswahili cha hospitali huitwa ovari zenye vifuko vingi, unampata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio kwenye umri wa kuzaa, na makadirio ya juu ya Shirika la Afya Duniani yanafika 13 katika kila 100. Wachukue wanawake kumi wa kikoba chako, mmoja anao. Wachukue waliobanana kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, wawili watatu wanao. Chukua sauti ya kwanza na ya pili ya kwaya, chukua walimu wa shule ya msingi ya mtaani, chukua mama ntilie wa stendi, chukua mabinti waliokaa foleni ya kusuka Jumamosi. Hakuna kundi utakalolihesabu ukamkosa. Na shirika hilohilo linasema hadi 70 katika kila 100 wenye tatizo hili duniani hawajui kama wanalo. Tunapika nalo, tunalea nalo, tunazeeka nalo, na jina lake hatujawahi kuambiwa.

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na zaidi ya nusu ni wanawake. Waondoe watoto, waondoe bibi zetu, kisha mchukue mmoja tu kwa kila kumi wa wanaobaki. Ikiwa nasi tumo kwenye kiwango cha dunia, hapo idadi imeshavuka milioni moja. Watu milioni moja wangekuwa wanalalamika maji hayatoki, mkutano ungeshaitishwa.

Sisi tangu tukiwa wasichana tunaambiwa mengine. Hedhi ikichelewa, ni mawazo. Isipokuja miezi mitatu, umebadilisha mkoa, ni hali ya hewa. Ikija na kukaa wiki mbili, ni chango. Chunusi zikitapakaa mashavuni hadi mgongoni, unakula mafuta mno. Ukinenepa, umejiachia, ukikonda, una siri. Ukiota ndevu mbili tatu kidevuni, una nyota ya pesa. Ukiolewa itaisha. Ukizaa itaisha. Usipozaa, ulimeza majira ukiwa msichana, au ulitoa mimba ukaficha, au kuna mtu wa upande wa baba yako hakufurahi. Kila jirani ana jibu, na kila jibu linamrudia mwanamke mwenyewe kwamba kuna kitu amefanya. Hakuna alichofanya.

Tazama kalenda ya ukutani, ile ya kupewa na duka la jumla mwisho wa mwaka. Januari ina duara la kalamu nyekundu. Februari haina. Machi haina, ila pembeni kuna alama ya kuuliza, na siku hiyo mwenye kalenda alipita duka la dawa akanunua kipimo cha mkojo, akapata mstari mmoja. Aprili haina. Mei maduara yamejipanga kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 19, na shuka limefuliwa kila alfajiri kabla watoto hawajaamka. Kalenda ya namna hii ipo kwenye nyumba nyingi kuliko tunavyosema. Mwenye kalenda akimgusia mwenzake, anajibiwa, "Shukuru Mungu shoga yangu, mimi zinanitesa kila mwezi." Naye anashukuru, anarudi kwake, anaendelea kusubiri.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji mashine. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa chini ya siku 21 au wa zaidi ya siku 35 si wa kukaliwa kimya, na hedhi ya chini ya mara nane kwa mwaka vilevile. Msichana aliyevunja ungo mwaka huu siku zake huyumba, na hilo ni la kawaida. Aliyevunja ungo miaka mitatu iliyopita na bado zinayumba, anahitaji kuonwa. Haya yanaingia kwenye nusu ukurasa wa daftari. Sisi shuleni tulifundishwa kukaa vizuri, kujisitiri na kuogopa wavulana. Kuhesabu siku hatukufundishwa.

Halafu kuna habari ya ndevu, ambayo hata kwa dada wa tumbo moja haisemwi. Mwanamke anaamka mapema kuliko wote, anafungua dirisha, maana taa ya umeme huficha na jua la asubuhi hufichua. Anashika kioo kidogo kwa mkono wa kushoto, kibanio cha nyusi kwa mkono wa kulia, anapapasa kidevu kwa kidole gumba mpaka ahisi ncha. Anang'oa mmoja, anang'oa wa pili, wa tatu umezama chini ya ngozi, anaufukua mpaka damu inatoka. Anapaka poda juu ya kidonda, anashusha mtandio, anatoka kwenda kazini. Wengine hutumia wembe wakaota vipele, wengine hupaka krimu ikawaunguza, wengine hulipa saluni kwa uzi kila baada ya wiki mbili, na yule dada wa saluni anajua wateja wake wote wenye shida hiyo ila hamtaji mmoja kwa mwingine. Vinyweleo hivyo vinatokana na homoni ambazo kila mwanamke anazo, ila kwetu zimezidi. Ni dalili ya ugonjwa kama homa ilivyo dalili. Homa tunaisema.

Na shingo. Shingo ikianza kuwa nyeusi na nzito kama mahameli, na makwapa vilevile, watu wanatuambia tuoge. Tunasugua kwa dodoki, tunasugua kwa limau, tunasugua kwa baking pauda, ngozi inachubuka na weusi unabaki palepale. Mara nyingi weusi ule unatoka ndani. Kongosho inatoa insulini, mwili hauisikii, kongosho inaongeza, na insulini ikizidi kwenye damu inazichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Homoni hizo zinalizuia yai lisikomae. Yai lisipokomaa halitoki, na lisipotoka hedhi nayo inapotea njia. Mwili huohuo unahifadhi mafuta kirahisi, hasa tumboni. Ndiyo maana wengi wetu tunanenepa, na ndiyo maana kupungua kunatuwia vigumu kuliko wengine. Wapo pia wembamba kabisa wenye shida hiihii, ambao wanakwenda hospitali na kurudishwa kwa sababu hawafanani na mgonjwa aliyezoeleka. Mnene anaambiwa apungue, mwembamba anaambiwa hana kitu, na wote wawili wanarudi nyumbani bila kupimwa sukari.

Kisha linakuja swali la mtoto. Linaulizwa harusini, linaulizwa kwenye kipaimara, linaulizwa msibani kabla matanga hayajaondolewa. "Wifi, vipi, bado tu?" "Mwanangu, nife sijamwona mjukuu?" Anayeuliza anauliza mara moja, anayeulizwa anaulizwa na kila mtu. Mwaka wa kwanza anacheka, mwaka wa pili anatazama chini, mwaka wa tatu anaacha kwenda harusini. Ni kweli PCOS ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya yai kutotoka, na ni miongoni mwa sababu kuu za wanawake kuchelewa kupata mimba. Lakini wengi wenye nayo wanazaa, wengine bila dawa yoyote, wengine kwa kusaidiwa na dawa ya kupevusha mayai kama letrozoli, ambayo ni vidonge vya kumeza siku chache tu chini ya uangalizi wa daktari. Na wapo walioambiwa kwa pupa kwamba hawatazaa kamwe, wakaacha kujikinga, wakapata mimba wasiyoipanga. Neno "mgumba" linatamkwa haraka, na likishatamkwa halifutiki.

Na katika hayo yote, mwanaume hapimwi. Mke amezunguka hospitali tatu, amepimwa damu, amepigwa picha, ametoboa akiba ya kikoba. Mume hajatoa hata sampuli moja. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu mmoja katika kila sita hupitia tatizo la uzazi wakati fulani maishani, na hapo limehesabu watu, wake kwa waume. Kipimo cha mbegu za kiume hakina kisu wala sindano. Waume zetu, nendeni.

Tukichoka hospitali tunakwenda kwa muuza dawa wa kusafisha kizazi. Tunacheka wanaokwenda, na tunakwenda. Anatangaza kwenye simu, anatangaza kwenye spika ya gari, ana chupa ya kahawia na unga kwenye kopo lisilo na lebo, ana dozi ya mwezi mmoja na dozi ya miezi mitatu, na ya miezi mitatu ina punguzo. Kizazi hakisafishwi kwa unga. Kinajisafisha chenyewe kila hedhi, na hedhi isipokuja cha kutibiwa ni sababu ya kutokuja. Lakini lazima tuseme na kwa nini tunamwendea. Yule muuza dawa anatukalisha. Anauliza siku zako zinakujaje, zinakaa ngapi, damu ina mabonge, unapata chunusi, unaota vinyweleo, unalala vizuri, mumeo anasemaje. Anauliza maswali yote ambayo kule tulikokaa kwenye benchi kutwa nzima hatukuulizwa. Dawa yake si ya kweli, ila maswali yake ni ya kweli, na sisi tunalipia maswali.

Maana kule kwenye benchi mambo ni haya. Unaambiwa unywe maji mpaka kibofu kijae ndipo upigwe utrasaundi. Mmekaa wanawake kumi na watano, kila mmoja na chupa yake ya lita moja na nusu, wengine wamebana mapaja, mmoja ameshindwa kajikojolea kidogo na anatazama ukuta. Foleni haisogei kwa sababu umeme umekatika na jenereta inatafutiwa mafuta. Ukifika zamu yako, unapakwa jeli ya baridi, kifaa kinapita tumboni dakika chache, unapewa karatasi imeandikwa kwa herufi ambazo huzijui. Daktari anaitazama anasema, "Una vivimbe kwenye mayai." Anaandika dawa. Nyuma yako kuna wagonjwa wengine arobaini na yeye hajala tangu asubuhi, hilo tunaliona na hatumlaumu peke yake. Ila unatoka pale na neno "vivimbe" kichwani, na usiku unawaza saratani, unawaza kukatwa.

Vivimbe vile ni vifuko vidogo vyenye mayai machanga ambayo hayakukomaa. Havipasuliwi, havigeuki saratani kwa kuonekana tu kwenye picha. Na picha peke yake haitoshi kusema una PCOS. Tangu mwaka 2003, wataalamu walipokutana Rotterdam, utaratibu ni kwamba mwanamke mzima awe na mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi kwenye picha. Kabla ya hapo mengine yaondolewe kwanza: ujauzito, matatizo ya tezi ya shingoni, homoni ya maziwa kuwa juu. Mwenye hedhi inayopotea na ndevu zinazoota ameshatimiza mawili kabla hajanywa hata tone la maji, na kilichobaki ni vipimo vya damu vya kuondoa hayo mengine. Na msichana mdogo hatakiwi kupimwa kwa picha hiyo kabisa, kwa sababu ovari za umri wake huwa na vifuko vingi kwa kawaida. Kumbe nusu ya kazi ingefanyika kwa mazungumzo ya dakika tano.

Wala hili si jambo la jana. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba wenye dalili hizihizi mwaka 1935. Bibi zetu walikuwa wasichana. Yamepita miaka tisini, mwongozo wa kimataifa umetolewa mwaka 2018 na kupitiwa upya mwaka 2023, na bado mama yako, dada yako na wewe mkikaa jikoni mkalinganisha, mtagundua wote watatu mliambiwa "homoni zimevurugika" mkaishia hapo. Na kulinganisha kuna maana, kwa sababu tatizo hili hutembea kwenye ukoo. Hakuna aliyetuambia tuulizane.

Linalotuuma zaidi ni kwamba tunatazamwa kama tumbo la kuzaa tu. Asiye na mtoto anahangaikiwa kidogo. Akishazaa, faili linafungwa. Msichana ambaye hajaolewa anaambiwa aje akishaolewa. Mama wa watoto wanne mwenye hedhi mara tatu kwa mwaka anaambiwa apumzike, ameshamaliza kazi. Lakini PCOS haimalizwi na mtoto. Inaongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili, inakuja na shinikizo la damu, inakuja na sonona na wasiwasi ambao watu wanauita ubishi au visirani. Na hedhi isipokuja miezi na miezi, ukuta wa ndani wa mfuko wa kizazi unazidi kunenepa bila kutoka, na miaka ikipita hatari ya saratani ya mfuko wa kizazi inaongezeka. Kwa hiyo yule tuliyemwambia ashukuru kwa kuwa hazimsumbui, yeye ndiye tulipaswa kumsukuma aende hospitali wa kwanza.

Dawa ya kuumaliza haipo, ila za kuutuliza zipo. Vidonge vilevile vya majira tulivyofundishwa kuviogopa ndivyo madaktari huvitumia kuzirudisha siku kwenye mpangilio, kulinda mfuko wa kizazi na kupunguza chunusi na vinyweleo. Kuna metformini, dawa ya siku nyingi ya kisukari, inayousaidia mwili kuisikia insulini. Na kuna chakula na mwendo. Aliye mnene akipungua hata kidogo, tuseme kilo nne au tano kwa mwenye kilo 90, wakati mwingine hedhi inaanza kurudi yenyewe. Ila karatasi ya lishe tunayopewa imejaa vyakula vya duka la kioo: brokoli, samaki wa makopo, mbegu za jina geni. Tunaikunja, tunaitia kwenye pochi, tunakwenda sokoni kununua tunachokimudu. Ingeandikwa dona badala ya sembe, maharage, kunde, dagaa, mchicha, matembele, chai bila sukari na wali kiganja kimoja, tungeifuata. Vyote hivyo vipo gengeni.

Tunachoomba si hospitali mpya. Nesi wa kliniki ya watoto anayempima mwanangu uzito aniulize na mimi siku zangu zinakujaje. Anayenipa njia ya uzazi wa mpango aniulize kwa nini nina vidonda kidevuni. Mwalimu wa kike anayewakusanya wasichana awaandikie ubaoni 21, 35 na nane. Makungwi na masomo, ninyi mnaowaweka wari ndani na kuwafunda usafi na mume, ongezeni somo moja la kuhesabu. Mashangazi na mama wakwe, kabla ya kuuliza mtoto yuko wapi, ulizeni mwenzenu anaumwa nini.

Na wewe unayesoma, fanya hivi. Chukua kalenda, rudi nyuma miezi kumi na miwili, weka duara kila mwezi ulioona siku zako. Kama maduara hayafiki nane na huna mimba, hunyonyeshi, hujachomwa sindano ya uzazi wa mpango na wala hujafika umri wa kukoma hedhi, nenda hospitali na kalenda yako mkononi. Usiseme "nasikia vibaya tumboni." Sema, "Naomba kuangaliwa kama nina PCOS, na nipimwe sukari." Ukishaambiwa, mwambie dada yako na binti yako. Tuko mmoja katika kila kumi, na ugonjwa wa watu wengi kiasi hiki hautakiwi kuwa siri ya mtu.